Wasomaji wanauliza: Medali ya dhahabu iko na dhahabu ngapi?

Mwezi uliopita tuliandika mistari mitatu tu, pale chini kabisa ya ukurasa, kwamba medali ya dhahabu ya Olimpiki ndani yake ni fedha na dhahabu ni ngozi ya juu. Mistari mitatu! Tangu hapo WhatsApp ya gazeti imejaa odio za watu wanagombana, baba mmoja wa Kamalondo ameapa kwamba tunatukana wanamichezo, na mafundi wa Ruashi nao wakaingia na maswali yao, ambayo kusema kweli yalikuwa mazuri kuliko ya wengine wote. Bon, leo ukurasa mzima ni medali. Barua ndefu nimezipunguza, majina nimeyaacha, kila mtu nimemwekea kazi yake na komini yake, yaani mtaa wake wa hapa Lubumbashi, RDC (Kongo).

Yaya, jambo. Mulisema medayi ya dhahabu haina ya dhahabu. Sasa mutu anakimbia miaka kumi, magoti inaisha, halafu banamupa fedha banapaka rangi? Haina wizi ile? Na ilianza wakati gani?
Siporteri, komini ya Kenya

Ndugu yangu, tulia kwanza. Haiko wizi juu haiko siri. Kanuni ya Olimpiki inasema wazi: medali ya wa kwanza ni fedha, tena fedha safi ya 92.5 kwa mia kwenda juu, halafu inavikwa dhahabu isiyopungua gramu 6. Paris 2024 walifanya vile vile. Medali yao ya dhahabu ilikuwa na uzito wa gramu 529, toa gramu 6 za dhahabu, toa gramu 18 za chuma cha mnara wa Eiffel ambazo nitazifikia huko chini, zilizobaki zote ni fedha.

Na haya si mambo ya juzi. Athens 1896, ile Olimpiki ya kwanza ya kisasa, wa kwanza alipewa medali ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili akapewa ya shaba, wa tatu alirudi nyumbani mikono mitupu. Hii dhahabu, fedha, bronzi tunayoijua ilianza St. Louis kule Marekani mwaka 1904. Dhahabu tupu bila fedha ndani mara ya mwisho ilikuwa Stockholm 1912, na zenyewe zilikuwa ndogo, upana wa milimita 33 tu, ukifunga ngumi inapotea ndani.

Sasa piga hesabu weye mwenyewe. Sentimita moja ya ujazo ya fedha iko na gramu 10.5, ya dhahabu gramu 19.3. Medali ya ukubwa ule wa Paris ukiitengeneza ya dhahabu tupu inakaribia kilo nzima. Walitengeneza medali 5084, za Olimpiki na za Paralimpiki pamoja, theluthi hivi ni za wa kwanza, alor tunaongea toni moja na nusu ya dhahabu ya kugawa bure. Nani atakubali kulipa?

Kwa bei za wakati ule metali iliyokuwa ndani ya medali ya dhahabu ya Paris ilikuwa karibu dola 1000. Na ile ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa kidogo, yenye gramu 455, metali yake haikufika dola 5. Mtu wa Lubumbashi anayeona malori ya katode, zile bamba za shaba safi, yanapita kwenda mpakani Kasumbalesa asubuhi mpaka usiku anajua bei ya mukuba, yaani shaba, hahitaji mimi nimfundishe. Lakini sijaona mtu amesimama mbele ya katode analia na wimbo wa taifa unapigwa.

Mukubwa, miye ni sudere, fundi wa kuunga vyuma, na siku ingine niko namwanga masufuria ya aluminiumu mu muchanga. Nilionaka medayi ya Olimpiki mu televizio, herufi zake ziko zinakata kabisa, ule malaika banachora mpaka manyoya ya mabawa. Miye nikimwanga kintu kidogo vile inatoka kama ilinyeshewa mvua. Bo banafanyaka je?
Fundi, Ruashi

Fundi, hawamwagi sura, wanaipiga. Hapo njo tofauti yote. Mchanga hata uuchekeche namna gani unaacha punje zake juu ya kazi, na metali ikipoa inajikunja kidogo, kona ya herufi inakuwa mviringo. Kwa sufuria hakuna neno, kwa manyoya ya bawa imekufa.

Wao wanaanza na msanii. Anachonga sura kwenye plasta, kubwa mara kadhaa kuliko medali yenyewe, ili mkono uwe na nafasi. Zamani mashini ilikuwa inapitisha sindano juu ya ile plasta polepole na upande wa pili kisu kinakata sura ile ile, ndogo, kwenye chuma, kazi ya masiku. Leo wanapiga skani ya leza, kompyuta inaongoza kisu, halafu fundi mwenye macho mazuri anakaa na lensi na anamalizia kwa mkono yale mashini imeacha. Kinachotoka ni chapa ya chuma kigumu, sura iko kinyume: pale medali itavimba, chapa imeingia ndani, na herufi zinasomeka upande mbaya. Chapa ziko mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote zinakomazwa kwa moto ndio zisiumie.

Halafu wanakata kisahani kitupu cha fedha au cha bronzi, kinene kidogo, wanakisafisha, wanakiweka katikati ya chapa mbili na presi inashuka. Mfano wa London 2012: medali zao zilipigwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Uingereza, kule Llantrisant mu Wales. Presi ilikuwa inashuka na nguvu ya tani 900, na si mara moja, kila medali ilipigwa mara 15. Medali yao ilikuwa na upana wa milimita 85, ukigawa unakuta karibu tani 16 juu ya kila sentimita ya mraba. Kati ya mapigo walikuwa wanairudisha kwenye tanuru, digri 750. Hapo weye sudere unaelewa mbele ya wengine: metali ukiipiga baridi inakomaa, inakataa kuingia kwenye mashimo ya chapa, ukilazimisha inaanza kupasuka pembeni. Moto unailainisha, unapiga tena, inaingia zaidi kidogo, moto tena, mpaka yale manyoya yote yamejaa. Medali moja ilikuwa inakula kama masaa 10.

Mwisho ile ya wa kwanza inaoga dhahabu kwa umeme, na pembeni kwenye ukingo wanachonga jina la mchezo, juu mtu akiwa nazo tatu nyumbani ajue ipi ni ya mita 100 na ipi ni ya kupokezana. Na yule haiko malaika, angalia jibu linalofuata.

Nani anachoraka ile medali? Kila inchi inachora yake inavyotaka?
Mwanafunzi wa sekondari, Kamalondo

Nusu ndiyo, nusu hapana. Upande mmoja wa medali ya Olimpiki ya kiangazi ni wa wenye Olimpiki wenyewe, na pale lazima akae Nike, mungu wa ushindi wa Wagiriki wa zamani, mwanamke mwenye mabawa. Nchi inayopokea inachezea upande wa pili.

Hadithi ya huyu Nike inachekesha. Mchongaji wa Italia, Giuseppe Cassioli, alishinda shindano, sura yake ikaanza kutumika Amsterdam 1928: Nike amekaa, taji mkononi, na nyuma yake kuna jengo la mviringo ambalo kila mtu akiliona anasema Colosseum, yaani Roma. Sasa michezo ni ya Wagiriki, jengo la Waroma linafanya nini pale? Wagiriki walinung'unika kweli, lakini sura ile ilibaki mpaka Sydney 2000, zaidi ya miaka 70! Ilibadilishwa zamu ya Athens ilipofika tena mwaka 2004, mwanamke Mgiriki anaitwa Elena Votsi akachora Nike anayeruka, anatua ndani ya uwanja wa Panathenaiko, pale pale walipocheza 1896. Huyo ndiye yuko mpaka leo.

Upande wa pili kila mtu na maringo yake. Beijing 2008 walitia duara la jiwe la yade nyuma ya medali, jeupe kwa dhahabu, na kwangu mimi hakuna iliyoipita kwa uzuri. Vancouver 2010, ile ya baridi, medali zilikuwa na mawimbi, hazikai sawa mezani, na kila moja ilibeba kipande chake cha mchoro mmoja mkubwa wa Corrine Hunt, msanii wa wenyeji wa kule Kanada, kwa hiyo hakuna medali mbili zinazofanana. Tokyo walifungua shindano, michoro zaidi ya 400 ikaingia, akashinda Junichi Kawanishi.

Paris waliwapa kazi watu wa vito, nyumba ya Chaumet. Wakachukua chuma cha mnara wa Eiffel, kile kilichotolewa wakati wa matengenezo na kilikuwa kimewekwa tu stoo, wakakikwangua rangi, wakakikata pembe sita, gramu 18 kila kipande, na wakakishika katikati ya medali kwa kucha ndogo sita kama vile wanashika almasi kwenye pete. Chuma cha 1889! Kwa uzito hakina bei, kwenye mitrayi hapa, kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, wangekupimia na kukupa ya kununua mkate. Lakini Wafaransa wanajua kuuza, hilo lazima tulikubali, medali za michezo mingine ya karibuni nani anazikumbuka sura?

Halafu kule Paris walienda kupiga kwenye kiwanda cha sarafu cha serikali, Monnaie de Paris, ambacho ndicho kilipiga hata zile za Athens 1896.

Baba, mutoto wangu alipata medali mu turnua (mashindano) ya masomo, ya rangi ya dhahabu. Haikumaliza hata musimu wa mvua, inabanduka, chini iko majivu, na shingo ya mutoto inakuwa nyeusi. Ni shiye tulichunga mubaya ao balitupa ya bongo? Nilisikia hata ya Paris iliharibika.
Mama wa watoto watatu, Kampemba

Mama, hamkuchunga vibaya. Hizo medali za turnua nyingi zinakuja zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, metali inayoyeyuka kwa moto mdogo na inaingia kwenye kalibu vizuri, ndiyo maana ni rahisi. Ile majivu unayoona chini ndiyo zinki yenyewe. Juu wanaivika ngozi nyembamba sana ya rangi ya dhahabu, jasho la mtoto likiingia na chumvi yake ngozi inaachana. Usiisugue na mchanga, usitie ndimu, utamaliza hata kile kilichobaki. Ifute na kitambaa kikavu, kama una verni ya kucha isiyo na rangi pakaa mara moja pande zote, iache ikauke, halafu itundike ukutani, isirudi shingoni.

Na ndiyo, ulisikia vizuri. Nyjah Huston, Mmarekani wa skateboard, alipata bronzi pale Paris, na hazikupita siku nyingi akaonyesha watu kwenye simu medali yake imechakaa, rangi inatoka, kana kwamba imetoka vitani. Baadaye wengine wakajitokeza, wakaanza kuzirudisha, na Monnaie de Paris wakasema watabadilisha zote zilizoharibika. Gazeti moja la Ufaransa liliandika kwamba tatizo lilikuwa verni: ndani ya verni ya zamani kulikuwa na dawa ya kromu ambayo sheria za Ulaya zimeikataza juu ni sumu, wakabadilisha, ile mpya haikujaribiwa vya kutosha. Rio 2016 pia zaidi ya medali 100 zilirudishwa na madoa.

Angalia kwamba shida mara nyingi inashika zile za bronzi. Shaba iko vile, haikai peke yake, hewa ikiigusa inakuwa kahawia, jasho likiigusa inaenda kwenye kijani. Kila mama hapa aliyevaa bangili ya mukuba anajua mkono unabaki na alama. Kinachoilinda ni ile verni tu, unene wake haufiki hata wa karatasi. Msanii anahangaika, presi tani mia kadhaa, na mwisho kila kitu kinategemea verni!

Juu ya nini banaumaka medali na meno?
Dereva wa taxi, katikati ya muji

Wapiga picha wanawaomba, basi. Zamani wafanyabiashara walikuwa wanauma sarafu juu dhahabu safi ni laini, jino linaacha alama. Kwa medali ya leo haisaidii kitu, chini ya ngozi kuna fedha. David Möller, Mjerumani wa michezo ya barafu, mwaka 2010 Vancouver aliuma medali yake ya fedha kwa ajili ya picha na kipande cha jino kikavunjika. Wambie wateja wako.

Mutu hana macho anajua je kama bamemupa ya dhahabu?
Mwalimu, Katuba

Swali zuri na walilifikiria kabla yako, mwalimu. Rio 2016 medali za Paralimpiki walitia vigololi vya chuma ndani: 28 kwa dhahabu, 20 kwa fedha, 16 kwa bronzi, ukitikisa sikioni ya dhahabu inalia zaidi. Nilipenda sana hiyo. Tokyo wakaweka vishimo pembeni, kimoja kwa dhahabu, viwili kwa fedha, vitatu kwa bronzi, kidole kinahesabu. Paris nao waliweka alama pembeni pamoja na maandishi ya nukta, na ilikuwa haki yao, Louis Braille aliyeyabuni alikuwa Mfaransa.

Kaka, balisema Bajaponi balitengeneza medali na matelefone ya kufa. Miye niko na mifuko mitatu ya makartamere, zile bamba za ndani ya simu. Naweza kutoa dhahabu?
Fundi wa simu, Kampemba

Kijana, sikiliza hesabu kwanza ndio uamue. Wajapani walikusanya toka 2017 mpaka 2019, nchi nzima, wakapata toni 78,985 za vifaa vya umeme vidogo vidogo, na simu milioni 6.21 juu yake. Mwisho wake dhahabu kilo 32, fedha kilo 3500, bronzi kilo 2200. Zilitosha medali zote za Tokyo 2020, sikatai, lakini umeona nchi nzima imehangaika kwa kilo 32? Mifuko yako mitatu itakupa kitu cha kuwekwa kwenye ukucha. Na njia wanayofundishana huko nje ya asidi na kuchoma kwenye mbabula (jiko la makaa) inatoa moshi unaokula mapafu, watoto wako kwenye lupango (uwanja wa nyumba) hiyo hiyo. Uza hizo karta kwa wanaozikusanya kwa wingi. Kobalti ya Kolwezi ambayo iko kwenye mabetri ya simu, hiyo haiingiaki kwenye medali kabisa.

RDC tuko na medali ngapi za Olimpiki?
Kijana wa komini ya Kenya

Sufuri. Tumeanza kwenda Mexico 1968 na mpaka Paris 2024 sufuri. Kwa mpira ni hadithi nyingine, Kombe la Afrika 1968 na 1974, na Kunguru wetu wa Mazembe, timu ya hapa, Desemba 2010 walifika fainali ya klabu za dunia Abu Dhabi, wakapigwa 3 kwa 0 na Inter, wakashuka na medali za wa pili, na muji huu haukulala.

Na kwa kuwa tumetaja dunia: lile Kombe la Dunia la FIFA la sasa, alilochonga Silvio Gazzaniga wa Italia, kilo 6.175, dhahabu ya karati 18, ile mistari miwili ya kijani chini yake unajua ni nini? Malakiti. Jiwe hilo hilo wanalokuuzia hapa mashanga na vindege. Lilitolewa mara ya kwanza 1974, mwaka ule ule Zaïre ilienda kucheza Ujerumani.

Mukubwa, niko na ekipe ya batoto, mwaka huu tunafanya turnua ya karte (mtaa) yetu, tunataka medali 50. Shiye tuko juu ya mukuba, kwa nini tunanunua za plastiki? Nani anaweza kutengeneza hapa, na namna gani?
Kochi, Katuba

Kochi, hii ndiyo barua niliyoingojea.

Kwanza ujue kwamba bronzi ya Paris ilikuwa shaba, eteni (bati) kidogo na zinki kidogo. Shaba, unayo kuanzia hapa mpaka Kolwezi. Zinki, Kipushi, kilomita 30 tu kutoka hapa, mgodi umerudi kutoa toka 2024. Eteni, Manono. Yaani tuko na kila kitu, tunachokosa ni chapa na presi, na bila hivyo viwili metali inabaki metali. Wakati wa wazee wetu mafundi wa Katanga walikuwa wanamwaga misalaba ya mukuba iliyotembea kama pesa mbali sana na hapa, hawakungoja mtu wa nje awaonyeshe.

Usijaribu kumwaga bronzi kwa medali 50. Zinki ikichemka inatoa moshi mweupe, fundi anaamka na homa, na kazi itatoka na punje. Chukua shaba ya bamba, ile wanayotumia wale wanaogonga picha za mukuba za kuuzia wageni, unene wa milimita 2. Ukikata duara la milimita 60 kila moja inakuwa na gramu 50, nzito vya kutosha mtoto ajisikie. Ukihesabu na kona zinazobaki utahitaji kilo 3 na kitu kwa 50. Kona usitupe, zinauzwa. Na tafadhali, nunua kwa mtu anayejulikana na akuandikie karatasi, shaba inayotembea usiku hapa mjini ni nyaya za umeme za watu, usije ukapewa medali na polisi.

Presi: garaji nyingi zina presi ya kutoa roulema (beringi), tani 20 au 30. Kwa medali nzima ya milimita 60 haifai hata ulie, umeona London walihitaji tani 900. Kwa hiyo usipige medali nzima. Tengeneza chapa ndogo, upana wa sentimita 2 tu, na pale katikati tia alama ya ekipe yako. Tani 30 juu ya hizo sentimita 2 inakupa zaidi ya tani 9 kwa sentimita ya mraba, hapo shaba inaingia. Chapa unaitoa kwenye kipande cha ekseli ya gari la zamani: kiweke kwenye makaa ya moto mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe ndani ya majivu usiku kucha, kitakuwa laini kuchonga. Fundi wa mihuri anachonga, kinyume, usisahau kinyume! Kina kidogo tu, si hata nusu milimita. Halafu moto tena mpaka chekundu, kizamishe kwenye mafuta ya injini, kinakomaa. Kikitoka hapo ni kigumu lakini kinavunjika, kisugue sehemu moja ing'ae, halafu kipashe juu ya moto mdogo mpaka ile sehemu uliyoisugua igeuke rangi ya majani makavu, basi.

Visahani vyako navyo vipite motoni mbele ya presi. Vikiwa vyekundu gizani vitupe kwenye maji, shaba haiko na tabia ya chuma, maji hayaikomazi. Itatoka nyeusi, usiogope. Piga chapa, halafu maneno ya kuzunguka, jina la turnua na mwaka, piga moja moja kwa zile herufi za chuma na nyundo. Zitapinda kidogo, na mimi napenda zikipinda, inaonyesha mtu alikaa pale akafanya kazi.

Mwisho sugua juu na ndimu na chumvi, lakini kwenye mashimo acha ule weusi wa moto, ndio alama ionekane. Osha na sabuni mpaka chumvi yote iishe, kausha kwenye jua, verni mara mbili pande zote na ukingo pia, ukingo ndio watu wanausahau na kijani kinaanzia pale. Wa kwanza, wa pili na wa tatu wape shaba ile ile, tofauti weka kwa vishimo pembeni, kimoja, viwili, vitatu. Watoto watazielewa haraka kuliko wazazi.

Mukanda: kuvaa medali shingoni kwenye Olimpiki kulianza Roma 1960 tu, na kule ilikuwa mnyororo wa bronzi wenye majani, mbele ya hapo walikuwa wanawapa mkononi. Weye chukua kitenge, upana wa vidole viwili, mshonaji akunje mara mbili na ashone pembeni, asigundishe na kola. Tundu la kupitishia litoboe mbele ya verni, na lipige faili (tupa) ndani, kona yake ikibaki kali kitenge kitakatika na medali itaanguka kwenye vumbi la kiwanja mbele ya wazazi wote.